Kisanduku Kisichofunguka cha Mkwe Wangu Odoyo

Hapa Nyangoto bado wapo wanaosema mkwe wangu Odoyo alichimba kaburi la mama mkwe wake akitafuta dhahabu. Wanasema sokoni, wanasema kwenye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na mimi nikipita wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea. Odoyo hakuchimba. Nitaeleza alivyo na alivyofanya. Kuna mahali katika habari hii naona haya kupataja, maana aibu yenyewe ni ya nyumba yangu, lakini nitapataja.

Darasani sikukaa. Herufi nilifundishwa nikiwa mtu mzima, wakati wa kisomo. Kwa hiyo nitaandika kidogo kidogo.

Odoyo ni Mjaluo. Baba yake alitoka ng'ambo ya Sirari, akahamia Nyamisangura, akafungua duka la betri, tochi na redio. Mama yake, Adhiambo, aliuza dagaa mbele ya duka hilohilo. Odoyo alikulia katikati ya dagaa na redio. Adhiambo alinisimulia kwamba mtoto huyu alikuwa na swali moja lililomsumbua. Mchana redio ya dukani ilishika stesheni za karibu tu. Jua likizama ilianza kushika za mbali, watu wakisema lugha ambazo hakuna aliyezijua pale mtaani. Watoto wengine waliona ni kawaida. Yeye akamuuliza baba yake hizo sauti mchana zinakuwa wapi. Baba akamjibu kwamba zinalala. Odoyo hakuridhika. Alifungua redio tatu za baba yake kutafuta zinapolala, akachapwa.

Jibu alilipata chuo kikuu. Aliniambia siku moja tukiwa tumesimama kwenye zizi, yeye akitazama ng'ombe na mimi nikitazama ng'ombe, maana ndivyo mtu anavyoongea na mkwewe. Juu kabisa, kupita mawingu, kupita ndege zinapopita, jua linachoma hewa mpaka inabadilika tabia. Wenyewe wanaita ionosfia. Redio ikifika hapo, mara inapinda na kurudi chini, mara inamezwa, mara inapenya. Na huku kwetu karibu na ikweta, jua likishazama, hewa hiyo inachafuka kama mto uliopata mvua ya milimani. Ndege inayotafuta njia kwa mawimbi ya redio, simu inayokuonyesha ulipo, vyote vinaweza kukosea kwa sababu ya huko juu.

Nikamuuliza mtu anaupimaje mto ambao hawezi kuufikia.

Akafikiri. Akasema, "Baba, chukulia unataka kujua Mto Mara umejaa kiasi gani, na hutaki kuloa. Unawatuma watu wawili wavuke pamoja, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Maji yanamchelewesha mfupi zaidi. Ukiwa ng'ambo unaangalia amechelewa kiasi gani nyuma ya mwenzake, unajua."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza hao watu wawili. Yaani transmita, kisanduku cha kurusha mawimbi, kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kinawekwa ndani ya setilaiti ndogo, setilaiti inapandishwa na roketi, na huko juu kisanduku kinapiga miluzi miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa wimbi refu, mmoja wa wimbi fupi. Huko juu ni kinyume cha mtoni, wa wimbi refu ndiye anayecheleweshwa zaidi. Watu wa chini wanasikiliza na kupima. Akaniambia kupiga mluzi si kazi. Kazi ni kisanduku kisife njiani. Roketi inatikisa kila kitu. Ikishafika, upande wenye jua unaungua na upande wenye kivuli unaganda, na hakuna fundi atakayepanda kukaza waya.

Nilielewa. Tangu hapo watu wakiniuliza mkwe wako anafanya kazi gani nilikuwa nasema anatengeneza redio. Niliona haya kusema zaidi. Wangesema mzee Magige ameanza kudanganya uzeeni.

Alimuoa binti yangu Rhobi. Alileta ng'ombe kama inavyotakiwa, wazuri, hakuna aliyechechemea. Watu wetu walimtania, kwamba Mjaluo, kwa kuwa kwao hawatahiri, ni mtoto hata akiota mvi. Yeye hakuwa mtu wa kukasirika.

Kwetu Wakurya kuna kitu tunakiita insoni. Ni haya ya ukwe. Mkwe hamshiki mkono mama mkwe wake, hali naye, haingii chumbani mwake, hata kivuli chake anakikwepa. Wajaluo nao wana yao, kwa hiyo Odoyo hakuhitaji kufundishwa. Mke wangu Boke akitaka kumsalimia alisimama nyuma ya ghala la mtama akaongea na ukuta, na Odoyo akiwa upande wa pili alijibu ukuta. Waliongea hivyo muda mrefu kuliko nilivyoongea naye mimi. Boke alimuuliza kama huko juu kuna baridi. Alimuuliza kama Rhobi anapika vizuri. Siku nyingine niliwasikia wanacheka, kila mmoja na upande wake wa ghala.

Boke alipougua na miguu ikakataa, ilikuwa masika na gari halikuweza kupanda hadi kwetu. Vijana walitakiwa kumbeba hadi barabarani. Odoyo hakuruhusiwa kumgusa. Alikata miti akafunga kiti cha kubebea, akakipima kwa kumkalisha Rhobi, akakaza kamba, kisha akatangulia njia nzima bila kugeuka nyuma, akifyeka matawi yaliyoinama. Boke akaniambia, "Huyu ananibeba kwa mgongo."

Hakurudi mzima. Tulimzika kwenye mwinuko ulio nyuma ya nyumba yake, juu ya shamba la mihogo. Alipapenda mwenyewe. Sitaandika mengi hapo.

Odoyo alikuja msibani na dume la ng'ombe, na begani alikuwa na mfuko wake wa kazi. Rhobi alinieleza kwa aibu kwamba mume wake hakudharau msiba. Kisanduku kilikuwa kinasubiriwa. Chuo chao kilikuwa kimepewa nafasi moja katika setilaiti ya watu wengine, na kama kisanduku kisingevumilia majaribio kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ingekwenda kwa chuo kingine. Alikuwa amekifanyia kazi miaka mingi, tangu kabla hajamuoa. Mashine ya kutikisa ya chuo ilikuwa imeharibika. Nikasema afanye kazi yake.

Wakati huo rashi, mbio za watu kukimbilia dhahabu, ilikuwa imepamba moto. Ilisemekana mtu mmoja alichimba choo akakuta mbale, jiwe lenye dhahabu ya kuonekana kwa macho. Baada ya hapo hakuna aliyechimba shimo la nguzo bila watu kusimama kumtazama. Walikuja watu kutoka Geita, kutoka Kenya, wengine hata hatukujua lugha yao. Mashamba yalitobolewa maduara, mashimo ya kutafutia dhahabu. Usiku na mchana karasha zilisaga mawe, na ardhi ilitetemeka hata kwenye godoro.

Kutetemeka huko ndiko Odoyo alikokutaka. Alikwenda kwa Werema, mwenye karasha kubwa pale chini, mtu wa rika langu, akamwomba afunge kisanduku chake kwenye fremu ya mashine wakati inasaga. Alisema roketi inatikisa zaidi ya hapo, lakini karasha ingemwonyesha kilipo dhaifu.

Nilikuwepo. Werema alikicheka kile kisanduku mpaka akakohoa. Akawaambia wasagaji, "Njooni muone, Mjaluo ameleta sabuni yake isagwe."

Odoyo alikuwa anakaza kamba. Hakuinua kichwa. Akasema, "Werema, nasimama karibu nayo. Nyie Wakurya mkiona kitu kimefungwa kamba mnadhani ni ng'ombe wa mtu, mnaondoka naye."

Walicheka wote, na Werema zaidi. Akampa nafasi.

Kisanduku cha kwanza kilikufa kabla ya mchana. Alikifungua akanionyesha koili, waya uliozungushwa kama kamba ya ndoo. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatika. Alikuwa na cha pili. Hicho alikifunga nyuzi ndani, kila kifaa na mwenzake, kama unavyofunga kuku wa kupeleka mnadani. Kikaenda hadi jioni, kikafa. Alikaa juu ya gunia akakitazama. Mtu akiwa katika hali hiyo usimsemeshe.

Cha tatu kilikuwa cha mwisho. Alinunua gundi ile ya maji mawili, ukichanganya yanaganda kama jiwe. Akakijaza kisanduku mpaka juu, kila waya ukazama humo, akapiga kifuniko. Nikamuuliza je, kikiharibika atakirekebishaje. Akasema hakitarekebishwa. Kikishaganda hakifunguki tena. Ukitaka kukifungua ukivunje.

Kilikaa kwenye karasha ya Werema kutwa nzima, na kesho yake. Odoyo alikifungua kamba, akawasha kipokezi chake, akasikiliza, kisha akampa Rhobi hedifoni. Rhobi alicheka. Tangu tumzike mama yake alikuwa hajacheka.

Kilichobaki ni joto na baridi. Alitaka kikae juani mchana wote, kikae kwenye umande hadi alfajiri, huku kinapiga miluzi yake, na yeye akisikiliza kutoka mbali kama inabadilika. Panatakiwa mahali wazi, pasipo na miti wala bati. Kwetu pako mahali pamoja tu pa namna hiyo, ule mwinuko. Rhobi akaja kuniuliza. Nikasema mama yake asingekataa. Rhobi mwenyewe ndiye aliyekipeleka, akakiweka juu ya jiwe pembeni mwa kaburi, maana Odoyo hakutaka kukanyaga pale.

Sasa nieleze alivyokuwa anafanya, kwa sababu ndipo yote yalipoanzia. Alivaa hedifoni. Mkono mmoja alishika kipokezi, mkono wa pili alishika antena, fimbo yenye vyuma vilivyotokeza kama mbavu za samaki. Alikwenda mbali, ng'ambo ya bonde, akasimama, akageuza antena huku na huku, akasikiliza, akaandika, akasogea. Akarudi polepole akipita mashamba ya watu, akisimama, akigeuza, akisikiliza. Na kila mara, popote alipoanzia, antena ilimwelekeza kwenye mwinuko wetu.

Katika rashi, mtu anayetembea na hedifoni na fimbo ya chuma ana jina moja tu. Ni mwenye ditekta. Mashine ya kunusa dhahabu. Zilikuwepo, walikuja nazo watu wa mbali, na mahali mwenye ditekta aliposimama zaidi ya mara moja watu walipachimba kabla hajageuka.

Jioni ya kwanza walisimama watu wachache kwenye mpaka wa shamba langu wakitazama. Siku ya pili walikuwa wengi. Werema alimuuliza Odoyo waziwazi ile sabuni inanusa nini. Odoyo akamweleza habari za jua na hewa ya juu na miluzi miwili. Alieleza vizuri, kama alivyonieleza mimi. Werema alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema basi ifungue tuone.

Odoyo akasema haifunguki.

Hilo ndilo neno lililomwangusha. Watu walirudiarudia. Ina nini mpaka isifunguke? Redio gani hiyo? Yeye kwa ukweli wake akadhani ameeleza. Hakujua kwamba kila alipoeleza aliongeza shaka.

Nina mtoto wa kiume anaitwa Wangwe. Alikuwa anachimba kwenye rashi na wenzake, duara moja baada ya jingine, na hakupata kitu zaidi ya vumbi la kifuani. Siku hizo aliacha kula nyumbani. Nilidhani ni msiba, kila mtu na wake. Rhobi aliniambia baadaye kwamba Wangwe alimfuata mara mbili akimsihi amwambie ile mashine ya shemeji imeonyesha nini pale juu, na Rhobi akamfukuza.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya jaribio, Odoyo alikuwa ng'ambo ya bonde tangu umande. Mimi nilikwenda kaburini kama ninavyokwenda. Nikaona udongo mpya.

Duara lilikuwa limechimbwa ubavuni, limeshuka, kisha limekata kuelekea chini ya jiwe lile la kisanduku. Ukingo wa kaburi ulikuwa umemeguka. Ubao wa jeneza ulionekana. Nilitazama pembeni. Kichwa cha mtu kikatokea shimoni na taa yake bado inawaka juani. Alikuwa Wangwe.

Tulitazamana. Yeye nadhani aliona lazima aseme.

"Tata," akasema, "tulikuwa tunakwepa. Hatukugusa upande wa mama."

Nimezeeka na nimesikia maneno mengi. Hilo sijui nilipeleke wapi. Nilivua koti langu nikalifunika juu ya ubao, nikakaa chini palepale.

Kelele za shimo zilikuwa zimeshavuta watu. Katika rashi shimo jipya ni kama mzoga, tai hawaitwi. Walifika na sururu, na kamba, na viroba. Wengine walikuwa wameanza kupima vipande vyao katika mihogo yangu, huyu akisema hapa pangu, yule akisema nilitangulia. Niliwaambia hili ni kaburi. Mmoja, kijana nisiyemjua, akanipa pole, akaendelea kupima.

Odoyo alikuja mbio kutoka bondeni, hedifoni shingoni. Rhobi alimkuta njiani akamwambia. Alifika mpaka pale udongo mpya ulipoanzia, akasimama. Hakusogea zaidi. Aligeuza uso akatazama upande wa mto. Mtu ambaye hajawahi kuuona uso wa mama mkwe wake vizuri akiwa hai, sasa kaburi lake liko wazi mbele yake na watu wanasema ni yeye aliyelionyesha.

Werema ndiye aliyenyamazisha watu. Sitamsema vibaya, alikuwa anatafuta amani kwa njia aliyoijua. Akasema neno ni moja. Kisanduku kifunguliwe. Kama ni cha kunusa dhahabu, basi mzee Magige akae na wachimbaji wakubaliane. Kama sicho, kila mtu achukue sururu yake aondoke, na atakayebaki atapambana na rika letu zima.

Watu wakakubali. Hata walioingia kwenye mihogo wakakubali. Wote wakamtazama Odoyo.

Mimi nilijua. Nadhani mimi na Rhobi peke yetu ndio tuliojua kufungua maana yake nini. Nikainuka. Nikamwambia, mbele ya watu wote, "Usikifungue. Hili la kaburi ni letu. Tutalimaliza wenyewe."

Odoyo hakunitazama, heshima haimruhusu. Akasema, "Baba, hamwezi kulimaliza. Wao ni wengi."

Nikamwambia tena asikifungue.

"Nisamehe, baba. Hilo sitakutii. Mama hawezi kulala kwenye mdomo wa duara kwa ajili ya kazi yangu."

Akamwomba Rhobi amletee kisanduku kutoka kwenye jiwe. Rhobi akakileta, amekishika kwa mikono miwili. Kisha Odoyo akamwomba Wangwe tindo na nyundo. Wangwe alikuwa bado amesimama shimoni hadi kifuani. Akavitoa akamnyooshea.

Odoyo alipiga magoti mbele ya watu. Kabla hajapiga, alivaa hedifoni mara moja, akasikiliza. Akazivua. Akapiga.

Hakikuvunjika kirahisi. Alikuwa amekitengeneza kisivunjike. Tindo iliteleza, ikamkata kidole, akaendelea. Bati lilipotoka ikabaki ile gundi, ngumu kama jiwe la kusagia, na alilazimika kuipasua kipande kwa kipande, na katika kila kipande kulikuwa na waya, au koili, au kipande cha ubao wa kijani. Watu walisogea. Hakuna aliyecheka tena. Alipomaliza alivitandaza vyote juu ya gunia akasema tazameni.

Walitazama. Werema akaokota kitu kidogo, ncha ya kuunganishia antena, akaigeuza juani. Iling'aa njano. Watu wakavuta pumzi.

"Hii ni nini?" akauliza Werema.

Angeweza kusema ni shaba. Nilitamani aseme ni shaba.

"Ni dhahabu," akasema Odoyo. "Imepakwa nyembamba sana, isishike kutu. Haijatoka hapa. Chukua kama unaitaka."

Werema alikaa na ile ncha kiganjani. Kisha akainama akairudisha juu ya gunia, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokikuta mfukoni mwa maiti. Akawaambia watu waondoke. Wakaondoka, si wote kwa pamoja, wengine wakinung'unika, lakini wakaondoka.

Tulichinja kondoo, wazee wakafanya inavyotakiwa pale panapochokozwa kaburi. Wangwe alilifukia lile duara peke yake. Nilikataza asisaidiwe na mtu. Alifanya kazi hiyo kutwa, na alipomaliza alikwenda zake Nyanungu kwa wajomba zake, akachunge ng'ombe. Hajarudi. Simfukuzi, wala simwiti. Mimi ni baba yake, na mtu akinitajia jina lake natazama chini.

Odoyo alipiga simu chuoni akiwa amesimama kwenye zizi. Alisema kisanduku kimevunjika. Nadhani walimuuliza kimevunjikaje, kwa sababu aliongeza, "Kwa uzembe wangu." Nilisikia. Nafasi ilikwenda kwa chuo kingine. Setilaiti iliruka na kisanduku cha watu wengine.

Na hata hivyo hakusafika. Yale aliyoyavunja yalisaidia kaburi, kwake hayakusaidia kitu. Waliokuwepo waliwasimulia wasiokuwepo, na wasiokuwepo wakawasimulia wengine, na habari ilipofika sokoni ilikuwa imekaa hivi: kwamba Mjaluo alifungua kisanduku chake na ndani mlikuwa na dhahabu, mwenyewe alikiri. Kwa hiyo alichimba. Huwezi kupigana na habari ya namna hiyo. Ina kipande cha kweli ndani yake.

Aliacha kuja kwetu. Rhobi alikuja na watoto, akaleta salamu, akaleta sukari. Nikimuuliza habari za mume wake, anasema yuko kazini. Mwisho aliniambia ukweli, kwamba Odoyo anaona haya kukanyaga boma ambalo yeye ndiye aliyeliletea wachimbaji. Nilishangaa. Muda wote huo nilikuwa nadhani hataki kutuona kwa tuliyomfanyia, na mimi nikiona haya kumpigia simu. Kumbe tulikuwa watu wawili kila mmoja amejificha upande wake.

Mzee haendi kwa mkwe wake bila kualikwa. Nilikwenda. Nilifika Nyamisangura watu wakifungua maduka. Sikuingia ndani, nilisimama uani. Rhobi aliponiona alishika mdomo, akaingia, na Odoyo akatoka akasema shikamoo akitazama ukuta wa jirani. Nikaitika nikitazama kamba ya nguo. Akauliza kaburi likoje. Nikamwambia udongo umeshikana, nyasi zimeota. Rhobi alileta kiti kimoja, akaona haifai, akaleta na kingine, akaviweka mbalimbali.

Niliona mezani kwake, kupitia dirisha, ubao mwingine wa kijani. Nikamuuliza kama anatengeneza kingine. Akasema ndiyo, kuna setilaiti nyingine, labda mwakani, labda wamkubalie. Nikauliza kama atakipeleka tena kwa Werema. Akatabasamu kidogo kwa ukuta. Kisha akasema hiki anakitengeneza tofauti. Hatajaza gundi. Ataweka skrubu nne za kifuniko.

"Skrubu zitashika?" nikauliza. "Kwenye roketi?"

"Si kama gundi," akasema. "Kitakuwa dhaifu kidogo. Lakini mtu akitaka kuona ndani, ataona."

Nilikaa na hilo neno. Huko kinakokwenda hakuna Mkurya hata mmoja wa kuuliza kuna nini ndani. Ni sisi tu. Ni kwa ajili yetu alikuwa anakidhoofisha, kitu ambacho kitakwenda mahali hata mvua haifiki.

Nikamwambia, "Mwanangu. Kijaze gundi. Kisifunguke."

Niliona ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kile kidole kilichokatwa na tindo kimepona vibaya, ukucha umepinda. Rhobi alikuwa mlangoni na chai. Jirani mmoja alitoa kichwa juu ya ukuta akatutazama, mzee na mkwe wake wamekaa uani kila mmoja ametazama kwake, akajificha tena. Nilipokea kikombe. Chai ilikuwa ya moto, hainyweki haraka, kwa hiyo ilibidi nikae.